Simba Alikua Kwenye Skrini Kabla ya Binti wa Machochwe

Januari 1959 ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia iligongana na tai ikaanguka. Rubani wake, Michael Grzimek, Mjerumani wa miaka 24, alifariki katika ajali hiyo akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Yeye na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, walikuwa wamekuja kuwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani na kuwapiga picha za filamu. Baba alimaliza kazi bila mwanawe. Filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, ilitoka mwaka huohuo, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya hali halisi. Hapo ndipo jina la Serengeti lilipoingia sebuleni kwa watu wa Ulaya na Marekani, na tangu hapo halijatoka.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Kamera zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzitaja: za Wajerumani, za Waingereza, za Wamarekani, za Wajapani. Zote zilielekezwa upande mmoja, kwenye nyumbu wanaovuka Mto Mara, duma anayelea watoto, simba aliyelala juu ya jiwe. Upande wa pili wa mpaka wa hifadhi, kaskazini-magharibi, kuna vijiji vya Wilaya za Serengeti na Tarime, mkoani Mara, na miongoni mwa kata zake ni Machochwe. Watu wa huko wanalima mahindi, ulezi na mihogo, wanafuga ng'ombe, na usiku wanakesha kuwafukuza tembo wanaotoka hifadhini kuja kula mazao. Watoto wa kike wa Machochwe wanakua, wanacheka, wanasengenyana, wanagombana na kupatana jirani kabisa na eneo lililopigwa picha kuliko karibu eneo lolote la Afrika. Kamera hizo hazikuwageukia.

Mwaka 1994 studio ya Disney ilitoa The Lion King. Wachoraji wake walikuwa wamekwenda Kenya kuangalia mandhari kabla ya kuchora, na baadhi ya majina ya wahusika yalitoka moja kwa moja kwenye Kiswahili: Simba, Rafiki. Ni hadithi ya kukua: mtoto anakosea, anakimbia nyumbani, anapata marafiki wawili wachekeshaji wanaomlea kwa utani, kisha anarudi akiwa mtu mzima. Dunia nzima ililia na kucheka na mwanasimba huyo. Naipenda filamu ile. Lakini ukiiweka kwenye mstari wa historia hii, inasema jambo zito: mtoto wa simba wa mbuga zetu alipewa hadithi ya utoto wake, yenye vichekesho na urafiki ndani yake, miaka mingi kabla ya mtengenezaji yeyote wa filamu kufikiria kumpa hadithi ya namna hiyo mtoto wa mtu anayeishi palepale.

Miaka kumi baadaye, 2004, ikaja Mean Girls, ambayo mpaka leo ndiyo vichekesho vinavyotajwa kwanza watu wanapozungumzia filamu za urafiki wa wasichana wa sekondari. Tina Fey aliiandika kutokana na kitabu cha Rosalind Wiseman kilichochunguza namna wasichana wanavyojenga makundi, kupandishana vyeo na kuangushana. Mhusika mkuu, Cady, ni msichana wa Kimarekani aliyelelewa Afrika na wazazi wanaosomea wanyama. Anaporudi Marekani na kuingia shule kwa mara ya kwanza, anaona wenzake kwa macho ya mbuga. Katika tukio moja maarufu, vijana waliokusanyika kwenye jengo la maduka wanageuka mbele ya macho yake kuwa wanyama kwenye kisima cha maji. Filamu ile ilipotengenezwa upya 2024, Afrika hiyo ilitajwa kwa jina: Kenya.

Nimeitazama zaidi ya mara moja, na ina akili. Inajua jinsi neno moja la rafiki linavyoweza kumuua msichana wa miaka 16 akiwa hai, na jinsi kicheko cha rafiki mwingine kinavyoweza kumfufua. Swali langu ni la mwenyeji. Kwenye kisima halisi, karibu na mbuga halisi, kuna wasichana wenye ndoo kichwani wanaozungumza hayohayo: nani kamnunia nani, nani kaandikiwa barua, nani atafaulu na nani ataolewa. Ilichukua muda gani kwa skrini kuwaona, na ilipowaona iliwaona katika hali gani?

Historia hiyo inaanzia mbali na Mara, Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Kati ya 1935 na 1937 Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York, liliendesha hapo jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Meja Notcutt na wenzake walitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mada zilikuwa kodi, kahawa, ngozi, minyoo, malaria ya watoto, akiba ya posta. Filamu ilikuwa mwalimu na watu walikuwa wanafunzi. Vijana walionekana, hasa vijana wa kiume wanaotoka kijijini kwenda mjini na kupotea. Mwelekeo huo haukufa na Vugiri. Katika miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, aliigiza katika filamu kama Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi, na watu walimcheka kwa raha kijana mshamba aliyetekwa na mambo ya mji. Kampuni ya Filamu Tanzania ilipoanzishwa mwaka 1968 na baadaye kutoa Fimbo ya Mnyonge, safari ilikuwa ileile, ila sasa kijana alirudi nyumbani na kuingia kijiji cha Ujamaa. Kijana wa kiume aliruhusiwa kukosea mbele ya watu, kuchekwa, kujifunza, na kupokewa tena. Hiyo ndiyo maana ya filamu ya kukua. Msichana hakupewa nafasi ya kukosea kwa kuchekesha. Alikuwa mchumba anayesubiri, au mjini alikuwa mtego.

Si kwamba utamaduni wetu haukujua kicheko cha wasichana wanaokua. Pwani, unyago ulikuwa na bado una vichekesho vitupu: makungwi wanaigiza, wanamwiga mume mlevi na mama mkwe mkali, wanaimba mambo ambayo mbele ya wanaume yasingesemwa, na mwali anafundishwa mambo mazito huku akicheka mpaka machozi. Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar Aprili 2013, alipiga ngoma za unyago kwa miongo mingi, na filamu ya 2006 iliyotengenezwa juu yake, As Old as My Tongue, iliupeleka uso wake mbali. Hazina hii ya vichekesho vya wanawake ilikuwapo imeiva, na sinema ya Tanzania ilipita pembeni yake kwa miaka sabini.

Televisheni Tanzania Bara ilichelewa mpaka 1994. Kabla na baada ya hapo, vijijini na kwenye vituo vya biashara, sinema ilikuwa kibanda umiza: chumba cha mabati au magunia, benchi za mbao, jenereta au sola, na filamu za Kihindi, za kung fu, za Kinigeria. Kisha wakaja watafsiri. Sauti ya Lufufu, na baadaye ya DJ Mack, ilizungumza juu ya sauti za waigizaji ikiwapa Jackie Chan na Sylvester Stallone maneno ya mtaani kwetu. Nawaheshimu sana watafsiri hao, maana walifanya kazi ambayo hakuna taasisi iliyoifanya: waliifanya filamu ya dunia izungumze Kiswahili cha mtu wa kawaida. Lakini tazama nani alikuwa ameketi kwenye benchi. Jioni, saa ambayo kibanda kinajaa, msichana wa Mara yuko jikoni, au ametumwa maji, au anabembeleza mtoto wa kaka yake. Hata angekuwa na shilingi za kiingilio, kuonekana kibandani pamoja na wanaume usiku kungempa jina baya kijiji kizima. Kwa hiyo soko la filamu lilijengwa bila yeye, na wafanyabiashara waliagiza kile ambacho waliokuwa kwenye benchi walikitaka.

Bongo Muvi ilifungua mlango nusu. George Tyson, Mkenya aliyefanya kazi Dar es Salaam, alitoa Girlfriend mwaka 2003 akiwatumia wanamuziki wa Bongo Fleva, na ghafla vijana wa mjini wakajiona kwenye kanda. Ndani ya miaka michache kulikuwa na filamu mpya kila wiki. Vichekesho vilikuwa vya wanaume: Mzee Majuto, kwa jina lake halisi Amri Athumani, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa mfalme wao bila mpinzani. Wasichana walikuwa wengi kwenye majalada, lakini ndani ya hadithi mara nyingi walikutana kwa ajili ya kugombania mwanamume mmoja. Elizabeth Michael, Lulu, aliyeanza kuigiza akiwa mtoto na kundi la Kaole, alipotoa filamu yake mwenyewe mwaka 2013 aliiita Foolish Age. Jina hilo linaeleza jinsi ujana wa kike ulivyokuwa ukitazamwa: umri wa ujinga, unaohitaji onyo. Mtu anaweza kuwa na hoja katika onyo hilo. Lakini msichana aliyeonywa tu kila anapojiona kwenye skrini anajifunza kwamba maisha yake ni ajali inayosubiri kutokea.

Wakati huohuo, filamu ninayoiona bora kuliko zote za namna hii ilikuwa tayari imetengenezwa na mtoto wa Nairobi. Gurinder Chadha alizaliwa Nairobi mwaka 1960, katika familia ya Kipunjabi ya Kalasinga, akahamishiwa Southall, magharibi mwa London, akiwa mdogo sana. Alianza kazi kama mwandishi wa habari wa redio BBC. Filamu yake ya 1993, Bhaji on the Beach, iliwapeleka wanawake wa Kihindi wa rika tofauti pwani kwa siku moja, na tayari ilikuwa na kile kinachomtambulisha: wanawake wakiwa pamoja, wakichambana, wakichekana, wakilindana. Mwaka 2002 akatoa Bend It Like Beckham.

Jess ni binti wa Kalasinga anayependa mpira kupita kiasi. Picha ya David Beckham imebandikwa ukutani kwake, na anazungumza nayo kama mtu anayeungama. Mama yake anataka jambo moja rahisi: binti ajue kupika chakula kamili cha Kipunjabi na chapati za duara, kwa sababu hakuna familia itakayomtaka mkwe anayekimbia uwanjani akiwa na kaptula. Msichana mwingine, Jules, anamwona akicheza na wavulana kwenye bustani na kumpeleka kwenye timu ya wanawake, Hounslow Harriers. Kuanzia hapo ni uongo juu ya uongo. Jess anasema ana kazi ya likizo, anaficha viatu, anatoroka. Yeye na Jules wanakosana kwa sababu ya kocha kijana ambaye wote wawili wanampenda. Anaonekana mahali asipotakiwa kuonekana, na neno linatembea kwa kasi ya simu. Mama wa Jules, kwa kusikia nusu ya mazungumzo, anajijengea imani kwamba mabinti hawa ni wapenzi, na kutokana na hofu yake moja inazaliwa fujo isiyo na kifani. Siku ya fainali inaangukia siku ya harusi ya dada yake Jess.

Chadha hakuwafanya wazazi kuwa maadui. Baba, aliyeigizwa na Anupam Kher, ni mzee mpole mwenye kidonda cha zamani, na kidonda hicho kimetoka Afrika Mashariki. Nairobi alikuwa mrushaji hodari wa kriketi, na timu yake ilichukua kombe la Afrika Mashariki. Alipofika Uingereza klabu zilimkataa, wakamcheka kilemba chake, na yeye akaapa hatacheza tena. Anamzuia binti yake kwa sababu hataki aonje aibu aliyoonja yeye. Kisha, katikati ya harusi, akiona jinsi binti alivyovaa sari huku macho yakiwa uwanjani, anamwambia aende. Tukio hilo linanigusa kwa namna ambayo filamu nyingi za machozi hazijaweza. Mila haikuvunjwa. Harusi iliendelea, wageni walikula, na msichana alicheza kipindi cha pili.

Filamu iliyogharimu pauni milioni chache iliingiza zaidi ya dola milioni 70 duniani. Desemba 2010 ilionyeshwa hata kwenye televisheni ya Korea Kaskazini. Parminder Nagra na Keira Knightley walipata umaarufu, na wasichana wa nchi nyingi walioanza mpira miaka hiyo wameitaja kama sababu. Mtu aliyetoka ukanda mmoja na sisi, mwenye baba aliyelipa gharama ya kuwa mgeni, alithibitisha kwamba hadithi ya mabinti wawili, wazazi wakali na harusi inayogongana na ndoto inaweza kuchekesha dunia bila kumdhalilisha mtu.

Sasa rudi Mara, ambako kugongana kwa sherehe na ndoto ya binti si kichekesho.

Kwa Wakurya, msichana hakukua peke yake. Alikua na rika lake. Msimu wa saro, kwa kawaida Desemba shule zinapofungwa, kwenye miaka inayogawanyika kwa mbili, wazee wa mila wa kila koo walitangaza siku, na wasichana wakatahiriwa kwa makundi. Tuiite kwa jina la sheria: walikeketwa. Walioingia pamoja walibaki marafiki wa maisha. Njiani waliimbiwa, walipewa khanga, fedha na mifugo, na kwa mara ya kwanza, na kwa wengi mara ya mwisho, kijiji kizima kilimtazama msichana kwa furaha. Ambaye hakukubali alibaki nje ya rika, akitukanwa na wale aliokuwa akichota nao maji jana. Baada ya hapo ng'ombe wa mahari walihesabiwa, na shule ikawa imekwisha. Nimesoma na kusikia maelezo mengi juu ya ngariba na wazee, na ni ya kweli. Bado, nguvu iliyowasukuma wasichana wengi haikuwa ya ngariba. Ilikuwa ya rafiki. Hofu ya kuachwa na wenzako ukiwa na miaka 12 au 13 ni hofu kubwa kuliko ya kisu, na mila ilijua hivyo na kuitumia.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilifanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, kwa kifungo cha kati ya miaka mitano na 15. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 bado ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10.

Rhobi Samwelly ni mwanamke wa Mara aliyeyapitia hayo. Amesimulia hadharani kwamba rafiki yake alikufa kwa kuvuja damu baada ya kukeketwa, na kwamba yeye, akijua hilo na akiwasihi wazazi wake, alikeketwa akiwa na miaka 13 na nusura afe naye. Mwaka 2014 alikuwa mstari wa mbele kufungua Nyumba Salama mjini Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, na mwaka 2017 akaanzisha shirika la Hope for Girls and Women. Msimu wa saro unapokaribia, wasichana wanatoroka vijijini. Wengine wanatembea usiku, kwenye njia ambazo fisi na tembo nao wanazitumia, mpaka wafike Mugumu. Ili waokoaji waweze kuvifikia vijiji ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote ya barabara, mradi wa Crowd2Map, ulioanza 2015, uliwakusanya watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, wakachora barabara, mito na nyumba za Mara moja moja kutoka kwenye picha za setilaiti. Serengeti ilikuwa imepigwa picha kutoka angani tangu enzi za Grzimek, ila safari hii aliyekuwa akitafutwa chini alikuwa binti.

Mwaka 2018 mwanahabari wa Kanada, Giselle Portenier, aliyefanya kazi BBC kwa miaka mingi, alitoa In the Name of Your Daughter, filamu ya hali halisi kuhusu wasichana hao wa Serengeti, Nyumba Salama, Rhobi na maofisa wa dawati la jinsia la polisi. Tunawaona watoto wakichagua kati ya mama na mwili wao. Tunaiona kazi ngumu ya kuzungumza na wazazi ili binti arudi nyumbani bila kuguswa. Ni filamu jasiri. Ndiyo iliyoigeuza kamera ya Serengeti kutoka kwa nyumbu kuelekea kwa binti, na sitasema neno la kuipunguza.

Ila ilimkuta binti siku mbaya kuliko zote za maisha yake. Ndiyo kazi ya filamu ya aina hiyo, na siilaumu. Lakini tangu hapo wanahabari na mashirika wanaofika Mugumu huuliza swali lilelile kwa mtoto yuleyule: ulikimbiaje, uliogopaje. Hakuna anayeuliza nani kati yao ni mchekeshaji wa bweni. Hakuna anayeuliza waliogombana juzi walipatanaje, nani humwiga mwalimu wa hisabati, nani huimba kwa sauti mbaya na hajijui. Nyumba yenye makumi ya wasichana wa miaka 10 hadi 17 haikai kimya, na ni urafiki mpya unaozaliwa humo unaolipa ule wa rika walioupoteza. Wanajenga rika jingine, lisilohitaji damu kama kiingilio.

Afrika Mashariki imekuwa ikisogelea filamu hiyo. Adam Shafi aliandika Vuta N'kuvute, riwaya iliyochapishwa 1999, na Amil Shivji akaipeleka kwenye skrini mwaka 2021, mpaka tamasha la Toronto. Watu huizungumzia kama hadithi ya mapenzi na ya harakati za uhuru Zanzibar. Mimi naisoma kwanza kama hadithi ya mabinti wawili. Yasmin, aliyeozwa akiwa kigori kwa mwanamume wa makamo, anatoroka, jamaa zake wanamfungia mlango, na mlango pekee unaofunguka ni wa Mwajuma, huko Ng'ambo, mjini Zanzibar. Mwajuma ana kelele, ana mizaha, hana kitu, na anampokea. Nyumba salama ya kwanza katika fasihi yetu ilikuwa chumba cha rafiki.

Shivji huyohuyo alikuwa ametoa T-Junction mwaka 2017, wasichana wawili wanaokutana hospitalini na kujengana kwa mazungumzo. Kenya, Likarion Wainaina alitoa Supa Modo mwaka 2018, mtoto wa kike mgonjwa ambaye kijiji kizima kinaungana kumfanya shujaa wa filamu, na ukumbi unacheka mpaka dakika ambayo hauwezi tena. Mwaka huohuo Rafiki ya Wanuri Kahiu, mabinti wawili wa Nairobi ambao urafiki wao unageuka mapenzi, ilikwenda Cannes huku ikipigwa marufuku nyumbani, kisha mahakama ikaruhusu ionyeshwe siku saba. Seko Shamte alitoa Binti mwaka 2021, wanawake wa Dar es Salaam wenye siri zao. Na mwaka 2024 ikaja Nawi, kutoka Turkana, iliyotokana na hadithi ya Milcah Cherotich: binti mwenye akili darasani ambaye baba yake anamuuza kwa mbuzi, kondoo na ngamia. Michelle Lemuya, aliyemwigiza, alikuwa msichana wa hukohuko. Nawi ni mcheshi, ana ulimi, anabishana. Ukitaka kujua msichana wa mfugaji anavyoweza kubeba filamu nzima mabegani, mtazame yeye.

Kinachokosekana ni hatua moja tu zaidi: filamu ambayo msichana wa huku hakimbii kufa. Anakimbilia fainali, mtihani, sherehe ya shule, au anakimbia aibu ya kawaida ya miaka 15.

Hadithi ipo, na sehemu yake imeshatokea hadharani. Timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 17 inaitwa Serengeti Girls. Oktoba 2022 ilicheza Kombe la Dunia la FIFA nchini India, timu ya kwanza ya mpira wa miguu ya Tanzania kufika fainali za Kombe la Dunia. Ilifungwa na Japan mabao manne bila majibu, na wengi tulidhani safari imeisha. Ikaamka ikawafunga Ufaransa mabao 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Kanada, ikafika robo fainali na kutolewa na Colombia. Walikuwa watoto wa shule, waliolala chumba kimoja ugenini, waliochekana na kufarijiana baada ya yale mabao manne. Timu yao ilibeba jina la mbuga hii, na jina hilo, kwa mara ya kwanza duniani, lilimaanisha wasichana.

Kwa hiyo nazungumza na waandishi wa miswada walioko Mugumu, Tarime na Musoma, na wale wa Dar es Salaam wenye mizizi huko. Bodi ya Filamu ina tamasha lake, Zanzibar ina tamasha la filamu la ZIFF tangu 1998, simu ya mkononi inapiga picha ambazo kamera za Kampuni ya Filamu Tanzania hazikuota kuzipiga. Andikeni juu ya mabinti wawili wa kidato cha pili huko Machochwe, timu ya shule, dada anayeolewa siku ya mechi, ng'ombe wa mahari waliovunja boma na kuingia uwanjani, baba aliyewahi kuwa mlinda mlango hodari na haongei kuhusu hilo. Waacheni wazungumze Kiswahili chenye lafudhi ya Kikurya bila kusahihishwa. Wachagueni waigizaji hukohuko, si Sinza ya Dar es Salaam. Na ikikamilika, onyesheni kwanza uwanjani kwa shule, mchana, saa ambayo wasichana wanaweza kuketi mbele.